Mwacheni Aue kwa Akili Zake

Si zamani sana nilitiwa katika kundi la wasomaji watano tuliokabidhiwa mswada wa riwaya fupi ya mwandishi kijana, mwanamke, ambaye simtaji jina kwa kuwa hakuniruhusu. Wasomaji wenzangu nao siwataji, kwa kuwa sitaki tukikutana kesho sokoni tugeuziane migongo. Mswada ulikataliwa kwa kura nne dhidi ya moja. Ile moja ilikuwa yangu, na makala haya ndiyo maelezo ya kura hiyo.

Hadithi yenyewe ni hii. Jamaa kumi na moja wa ukoo mmoja wanaondoka mjini alfajiri kwenda pwani ya mashariki kuvunja jungu, siku chache kabla ya Ramadhani. Aliyetangaza safari ni mume. Aliyeifanya ni mke. Ni mke aliyekuna nazi usiku kucha, aliyefunga vyombo, aliyekumbuka dawa ya presha ya mama mkwe na kandambili za watoto. Jua linapotua, jamaa wanane wanapanda gari kurudi. Shemeji hayumo, ami hayumo, na mume mwenyewe hayumo. Sahani zimerudi zote kumi na moja, zimeoshwa. Mke anazihesabu mara mbili, kwani ni sahani za kuazima.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu chumbani. Kisha nikanyamaza ghafla. Kisha nikainuka nikaenda jikoni kumtazama mke wangu anafanya nini. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana nitalirejea.

Ushauri wa wenzangu uliandikwa katika karatasi tatu. Ya kwanza ilitaka mke huyo apandwe na shetani, ibainike mwishoni kuwa si yeye aliyeua. Ya pili ilitaka asiwe mke wa nyumba, mama wa watoto. Awe hawara, au mke wa pili aliyetoka mbali. Ya tatu ilisema kwamba, kama hapana budi abaki mke na abaki na akili zake, basi ukurasa wa mwisho atubu kwa machozi na ahukumiwe. Chini ya karatasi zote tatu kikaongezwa kifungu kimoja: kwamba kuchekea mauti si desturi yetu, na kwamba hadithi za namna hii ni taka za Ulaya na Marekani zinazosukumwa na mawimbi hadi ufukweni kwetu.

Nitazijibu moja moja, na nitaanza na shetani.

Mwaka 1953 Roald Dahl alitoa katika jarida la Harper's la Marekani hadithi fupi iitwayo “Lamb to the Slaughter”. Mary Maloney, mwenye mimba ya miezi sita, ameketi na ushoni wake akimsubiri mumewe, askari polisi, arudi kazini. Mume anarudi, na kwa maneno machache anamwarifu kwamba anamwacha. Mke anakwenda kwenye friza, anatoa paja la kondoo lililoganda kama jiwe, kwa sababu wakati wa chakula cha usiku umefika na hajui jambo jingine la kufanya. Kwa paja hilo anampiga mumewe kichwani. Halafu anawasha oveni, anatia nyama ndani, na kwenda dukani kununua viazi na njegere, huku akijizoeza namna ya kuzungumza kama siku zote. Usiku ule askari waliokuja kuitafuta silaha wanakaribishwa mezani, wanaila silaha yenyewe, na wanatoka wameshiba.

Hebu sasa tumpandishe Mary Maloney shetani, tuone kinachobaki. Hapabaki kitu. Kinachotuchekesha na kututisha kwa pamoja ni kwamba mwanamke huyu ana akili timamu kupita wote waliomo ndani ya nyumba. Uangalifu wake wa jikoni ndio uangalifu wake wa kuficha. Miaka yote aliyoishi na mumewe, hakuna aliyeuita uangalifu huo kuwa ni akili, uliitwa wajibu. Hadithi inatulazimisha tuuite kwa jina lake, na tunachelewa kuuita, kama walivyochelewa wale askari waliokuwa wakitafuna.

Wenzangu wanapotaka muuaji wa mswada wetu apagawe, wanadhani wanamhurumia mwanamke. La hasha, wanamnyang'anya akili. Mwendawazimu hahukumiwi kama anavyohukumiwa mwenye akili zake, na sababu yake kila mtu anaijua: dhambi ina mwenyewe, na mwenyewe sharti awe mtu kamili. Asiyeweza kutenda dhambi kwa nia yake hawezi pia kutenda wema kwa nia yake. Tukimvua mke uwezo wa kuua, tumemvua pia fahari ya kutokuua, na uvumilivu wake wa miaka ishirini unakuwa kama uvumilivu wa kinu.

Tena ushauri huu unatolewa katika visiwa hivi! Muhammed Said Abdulla, mwenyeji wetu, alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyochapwa mwaka 1960. Mtu amekutwa ameuawa penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mzimu una mkono wake. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake, akatufundisha kuyauliza mambo kwa bongo: nani, lini, kwa nini, kwa faida ya nani. Riwaya ya upelelezi ya Zanzibar ilizaliwa kwa kumwondolea mzimu kesi ya mauaji. Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, wasomaji wanne wenye elimu zao wanataka kesi irudishwe mzimuni, na sababu ni moja tu: safari hii mtuhumiwa ni mke.

Nije kwenye karatasi ya pili, inayotaka muuaji awe hawara au mgeni. Hapa wenzangu wamesahau methali wanayoitumia kila siku, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hofu ya hadithi hizi haitoki nje ya nyumba. Mtu hujilinda na mgeni. Hajilindi na aliyempakulia. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi alioutunga mwaka 1858 kumwachia binti yake, anaeleza namna mume alalavyo na mke kukaa karibu naye bila ya kupaza sauti, asije akaamka akamtafuta. Wengi wamelisoma fungu hilo kama funzo la utiifu, na sina ugomvi nao. Lakini nathubutu kusema kwamba ndani yake mna habari nyingine: mume aliyelala hana kinga ila imani. Bibi yule alijua hivyo alipotunga. Riwaya za mke muuaji zinalishika jambo hilo hilo na kuliuliza upande wa pili.

Kuna filamu inayoonyesha hasara ya kumfanya mke kuwa mgeni katika nyumba yake. Ni *Leave Her to Heaven* ya mwaka 1945, iliyoongozwa na John M. Stahl kutokana na riwaya ya Ben Ames Williams ya mwaka 1944. Ellen, aliyechezwa na Gene Tierney, ameolewa na mwandishi, na wako mapumzikoni katika nyumba ya mume kando ya ziwa huko Maine. Ellen anataka mapumziko ya watu wawili. Badala yake yupo mdogo wa mume, kijana mlemavu wa miguu. Kisha wanakuja mama yake Ellen na ndugu wa kulelewa pamoja. Siku moja Ellen anamfuata kijana yule kwa mashua anapoogelea, amevaa miwani ya jua, anamtazama akichoka, anamtazama akizama, wala hanyooshi kasia. Ni tukio la kutisha mno, na rangi za filamu ile, zilizompatia mpiga picha Leon Shamroy tuzo ya Oscar, zinalifanya lizidi kutisha kwa uzuri wake.

Hata hivyo filamu nzima haimjui Ellen. Inatueleza kwamba amezaliwa na pendo lililozidi kipimo, kama mtu aliyezaliwa na ugonjwa. Hatumwoni akichoka. Hatumwoni akiulizwa chakula kiko wapi. Nyumba ya ziwani imejaa watu, na hatuambiwi nani aliyewatandikia. Kwa hiyo tunamwogopa kama tunavyomwogopa nyoka, na tukitoka ukumbini tunamwacha ukumbini. Mke wa mswada wetu hatuwezi kumwacha mahali, kwa sababu tunayajua makapu yake yote, na tumekula alichopika.

Hilo linanifikisha kwenye mapumziko yenyewe, jambo ambalo wenzangu wanne hawakuliandikia hata mstari mmoja. Walisoma hadithi ya mauaji. Hawakuona kuwa ni hadithi ya mapumziko. Sisi wa visiwa hivi hatuna udhuru wa kutoliona. Mwaka 2023 walitujia watalii zaidi ya 600,000 kupumzika, na kila mmoja alipumzika kwa jasho la mtu: aliyetandika, aliyeteka, aliyevua pweza, aliyefagia mchanga usifanane na mchanga. Usione vyaelea, vimeundwa. Mapumziko ya jamaa yana siri hiyo hiyo, ila mfanyakazi wake halipwi, na tena anatazamiwa atabasamu kwa kuwa naye, wasema, yuko mapumzikoni. Siku ya kuvunja jungu ni ya furaha, nami naipenda. Lakini muulize mwanamke aliyeamka saa tisa za usiku kuipika furaha hiyo atakwambia ilikuwa siku gani. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Wazungu wamelijua jambo hili, na ndiyo maana hadithi zao za namna hii hupenda kutoka nyumbani kwenda safarini. Katika filamu ya Kiingereza *Sightseers* ya mwaka 2012, iliyoandikwa na Alice Lowe na Steve Oram na kuongozwa na Ben Wheatley, mwanamke aitwaye Tina anamwacha mama yake mkorofi na kwenda na mpenzi wake kuzunguka Uingereza ya kaskazini kwa nyumba ya kukokotwa na gari. Wanatembelea makumbusho ya tramu na makumbusho ya penseli, na njiani wanaua watu: mmoja kwa kutupa karatasi ya aiskrimu chini, wengine kwa makosa yasiyozidi hilo. Bwana ndiye aliyeanza kuua. Bibi anajifunza, kisha anampita. Katika filamu ya Norwe ya Tommy Wirkola ya mwaka 2021, ambayo jina lake la Kinorwe maana yake ni “Katika siku mbaya”, kama isemwavyo katika kiapo cha ndoa cha watu wale, mume na mke wanakwenda kwenye nyumba yao ya mapumziko kila mmoja akiwa amekusudia kumwua mwenziwe. Wanafika, wanafungua mizigo, na kila mmoja anamfanyia mwenziwe adabu.

Nimezitaja kwa sababu zinathibitisha jambo moja. Nyumbani mke na mume wana milango, kazi, majirani, na redio ya kujifichia. Safarini wanabaki nyuso mbili zikitazamana, na kila desturi iliyovumilika mjini inasimama uchi. Mwandishi wetu hakuokota taka ya mtu ufukweni. Ameiona pwani yake mwenyewe, gari lake mwenyewe, sufuria zake mwenyewe, akauliza swali ambalo wengine wameliuliza kwenye maziwa na milima yao.

Karatasi ya tatu inadai toba na hukumu. Wenzangu wataudhika nikiwaambia kwamba huu nao ni ushauri wa Kimarekani, tena wa zamani. Tangu mwaka 1934, ilipoanza kutekelezwa kwa nguvu, hadi mwaka 1968, studio kubwa za Hollywood zilijifunga kwa kanuni ya maadili iliyojulikana kwa jina la Will Hays, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba uhalifu usionyeshwe kwa namna ya kumvuta mtazamaji aupende. Watu wa televisheni nao walikuwa na woga wao. Hadithi ya Dahl ilipofanywa mchezo katika mfululizo wa Alfred Hitchcock mwaka 1958, muuaji asingeweza kuachwa hivi hivi akicheka jikoni mwake. Hitchcock akajitokeza mwishoni, akatangaza kwa uso mkavu kwamba bibi yule alikamatwa baadaye: alijaribu kumwua mume wa pili kwa njia ile ile, lakini mume huyo alikuwa amesahau kuchomeka friza kwenye umeme, na paja likawa laini.

Tazama jinsi sharti la maadili lilivyogeuzwa kuwa kichekesho kilichozidi cha kwanza. Msomaji anaijua toba iliyotiwa kwa amri ya kamati kama ajuavyo mchele uliochanganywa na mchanga. Iwapo wenzangu wanataka hukumu, waiache mikononi mwa msomaji. Mimi nilimhukumu mke yule nilipokuwa nikisoma. Nilimhukumu huku nikicheka, na hapo ndipo nilipoona aibu, na aibu ile imenikaa zaidi kuliko ambavyo machozi yake ya ukurasa wa mwisho yangenikaa.

Ama kifungu kile kwamba kuchekea mauti si desturi yetu, nashangaa kimeandikwa na watu waliozikwa jamaa zao mbele yao. Nani asiyeujua utani, hasa wa ndugu zetu wa Bara na Mrima, ambao mtani huja msibani akamwiga maremu, akadai deni lake, akawachekesha wafiwa huku macho yao yangali mekundu? Na *Alfu Lela Ulela*, iliyosomwa na vizazi vya wanafunzi wetu, si kitabu kinachoanza na mfalme anayeoa jioni na kuua asubuhi, miaka mitatu mfululizo? Hakuna aliyesema kwamba mfalme Shahriyar atawaharibu waume wa Unguja. Hakuna aliyetaka apandwe na shetani. Mume akiua wake mia kadhaa, tunaita hekaya, na tunawasomea watoto. Mke akiua mmoja na kuosha sahani, tunaita uharibifu wa maadili.

Sasa nifike kwenye hoja moja ambayo wenzangu hawakuitoa, ingawa ndiyo pekee yenye uzito. Mtu angeweza kusema: katika dunia halisi wanaouawa majumbani, kwa sehemu kubwa, ni wanawake, basi hadithi ya mke muuaji ni uzushi juu ya waliodhulumiwa. Ukweli wa jambo hili haupingiki. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na waume, wapenzi au jamaa zao wenyewe, wastani wa 140 kila siku. Jirani zetu wa Kenya walijaa barabarani tarehe 27 Januari 2024, Nairobi na miji mingine, kuyalilia mauaji ya wanawake. Mwandishi anayecheza na jambo hili akiwa hajui hesabu hiyo anacheza makaburini bila ya kujua amesimama wapi.

Lakini mwandishi wetu anaijua. Hadithi yake inapata nguvu kwa sababu imepindua mambo, na kila msomaji anajua kwamba yamepinduliwa. Nilisema nitarejea jikoni. Usiku ule nilisimama mlangoni, nikamtazama mke wangu akikatakata vitunguu, na kwa dakika moja nikajiuliza kama niko salama ndani ya nyumba yangu. Yeye akauliza nataka nini, nikasema maji. Dakika ile nilikuwa nikiionja, kwa mzaha na bila ya hatari yoyote, hofu ambayo kuna wanawake hulala nayo na kuamka nayo miaka yote ya ndoa zao: kusikiliza hatua mlangoni, kuusoma uso, kupima sauti, kuficha kisu. Hakuna hotuba wala semina iliyowahi kuniwekea jambo hilo mwilini. Riwaya ya sahani kumi na moja imeniwekea.

Deni la mwandishi wa mzaha wa namna hii liko hapo hapo. Maiti sharti awe na uzito. Mume asifanywe fedhuli mno hata tukampigia kifo chake makofi, kwa kuwa tukishafanya hivyo tumejifunza kwamba kuna watu wanaostahili kuuawa nyumbani, na hilo ndilo somo ambalo wauaji wa kweli wanalo tayari. Hapa mswada una kasoro, nami nilimwambia mwandishi waziwazi. Mume wake ni mtu kamili: mvivu, mwenye bashasha, anayempenda mkewe kwa namna ambayo haimgharimu kitu; akifa tunaumia. Ami naye anakumbukwa. Shemeji anazama na hadithi inapita juu yake kama wimbi, hakuna hata mtoto anayemuuliza. Nilimshauri ampe ukurasa mmoja, wimbo aliokuwa akiuimba garini, au ndoo aliyoibeba bila ya kuombwa. Akanijibu kwamba ataitafuta ndoo hiyo.

Mazungumzo hayo ya ndoo ndiyo ambayo kundi letu lilipaswa kuwa nayo. Tungekaa watano tukajadili shemeji ana uzito gani, kicheko kinaanzia wapi na kinakomea wapi, mama mkwe anajua au hajui. Badala yake tulijadili jini.

Enyi wenzangu wanne, karatasi zenu tatu ninazo, na nawarudishia. Mkipenda, andikeni ninyi riwaya ya mke aliyepagawa, akaua, akazinduka, akatubu; pengine itachapwa upesi kuliko hii. Hii iacheni kama ilivyo. Mwanamke huyu ameamka saa tisa za usiku, amekuna nazi, amewahesabu watu na sahani, na amefanya jambo baya kupita yote analoweza mtu kulifanya. Amelifanya akijua. Mkimwondolea kujua huko, ni kazi ya jikoni tu mtakayokuwa mmembakishia.